Mguu Haumei Tena

"Je, ulemavu huu ni wa kudumu au wa muda?"

Swali hilo liko kwenye fomu. Karani alilisoma kwa sauti, kalamu tayari mkononi, bila kuinua macho. Baba yangu alikuwa amesimama mbele yake kwa magongo mawili, mguu wa kulia wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini juu ya goti. Akanyamaza kidogo, halafu akajibu kwa adabu ile ya watu waliofanya kazi ya serikali maisha yao yote: "Mkubwa, tangu ukatwe haujamea."

Karani akacheka. Foleni nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka. Kisha karani akatuambia turudi Alhamisi, kwa sababu jibu hilo halitolewi na mwenye mguu. Linatolewa na daktari, na daktari siku hiyo hakuwepo.

Sitaitaja ofisi ile, wala hospitali tuliyotumwa, wala mahali baba alipokuwa ameajiriwa. Si kwamba naogopa. Ukitaja ofisi moja, zingine zote zinapumua na kusema, "Afadhali si sisi." Na mimi sitaki mtu yeyote apumue.

Nina jambo moja la kusema. Pensheni si zawadi, na malipo ya mtu aliyeumia kazini si msaada. Ni deni. Lakini sheria zetu, na jinsi zinavyotekelezwa, zinamgeuza mdai kuwa mwombaji. Na sisi watoto wa wadai, tuliosomeshwa kwa jasho lao, tumewaacha waombe peke yao. Naanza na sheria, halafu nitakuja kwetu, na nikifika hapo sitajificha.

Mzee wangu alikuwa dereva wa serikali. Miaka 20 aliendesha gari katika barabara ya Embu kwenda Meru mpaka akawa anazijua kona zake kama mtu anavyojua meno yake. Nyumbani ni karibu na Runyenjes, kituo chake cha kazi kilikuwa Meru mjini. Ukitoka kwetu unapita Chuka, unateremka daraja la Nithi, unapanda tena, unafika Nkubu, halafu Meru. Daraja la Nithi kila mtu analijua. Julai 2022 basi la abiria lilitumbukia pale, watu zaidi ya 30 wakafa, na nchi nzima ikazungumza juu ya kona ile. Ajali ya baba haikuzungumzwa na mtu. Ilikuwa Machi 2018, kabla ya kufika Nkubu: mvua, giza linaingia, lori la mchanga. Alikuwa kazini, ndani ya gari la serikali, ruhusa ya safari iliyopigwa muhuri iko mfukoni. Siku ya tatu wakakata mguu.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea maendeleo ya jamii. Muhula huo nilikuwa nimeandika insha kuhusu hifadhi ya jamii nchini Kenya na kupata A. Kumbuka hiyo A, tutairudia.

Mwezi wa nne nikaja nyumbani likizo. Mtu wa kazini kwa baba alikuwa ameleta bahasha ya kaki. Baba akaniita. "Mami," akasema. Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo hata nikimkosea mimi bado ni mama. "Mami, hebu nisomee hii." Nilikuwa na simu mkononi. Nikapitisha macho: karatasi za Kiingereza, sehemu ya mwajiri, sehemu ya daktari. Nikamwambia, "Ni fomu tu ya ajali, Baba. Tutaijaza." Ikaingia kwenye droo ya kabati la runinga, ikalala pale pamoja na risiti za stima na betri zilizokwisha.

Sasa nikuambie ile fomu ilikuwa nini.

Kenya ina Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ile watu huiita WIBA. Wengi hudhani ni ya watu wa viwandani na mjengo. Hapana. Inawahusu hata walioajiriwa na serikali. Waliowekwa kando ni wanajeshi. Ukiumia kazini na ukabaki na ulemavu wa kudumu, fidia yako hupimwa kwa kipimo cha mshahara wa miezi 96. Daktari anasema ulemavu wako ni asilimia ngapi, na mwisho wa sheria kuna jedwali linalotaja kila kiungo: kidole, jicho, mkono, mguu. Tufanye hesabu. Mshahara wa 30,000 kwa miezi 96 ni shilingi 2,880,000. Tuseme daktari ameandika asilimia 50. Hiyo ni 1,440,000. Haihitaji umshtaki mtu, wala uthibitishe ni nani mwenye makosa barabarani. Inataka tu uwe uliumia ukifanya kazi.

Ila kuna saa inayohesabu. Dai linatakiwa liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali.

Baba alipouliza kazini aliambiwa asichanganye mambo. Kwanza pensheni yake ya kustaafu kwa sababu za kiafya ishughulikiwe, mengine yatafuata. Akaamini, kwa sababu aliyemwambia alikuwa na ofisi na tai. Machi 2019 ikapita. Fomu iko kwenye droo.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri naye aripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ndani ya siku 7 tangu apate habari. Siku saba! Gari lilikuwa la mwajiri, dereva alikuwa wa mwajiri, na taarifa ya polisi ilikuwa na jina la mwajiri. Baba, mtu wa darasa la nane anayejifunza kutembea upya, alichelewa kwa miezi 12 akapoteza haki yake. Mwajiri mwenye mawakili na makarani alikuwa na siku 7, na sijasikia kwamba amepoteza hata kalamu. Basi niambie saa hiyo iliwekwa ukutani kumwangalia nani.

Mlango wa fidia ukafungwa. Ukabaki wa pensheni.

Baba alistaafishwa kwa sababu za kiafya, mshahara wa mwisho ukaingia Juni 2019. Pensheni ya kwanza ikaingia Januari 2022. Hesabu mwenyewe: miezi 31 katikati. Karo yangu ya mwaka wa tatu ilikuwa ndani ya miezi hiyo. Septemba 2019 nilikunja godoro nikarudi Embu, nikapanga chumba kule Dallas na kuanza kuandikia watu makala kwa malipo ya M-Pesa. Watu huniuliza kwa nini niliacha chuo, na kwa miaka mingi nilijibu kama msanii: ati mfumo wa elimu haukunifaa. Uongo mtupu. Niliacha chuo kwa sababu faili la baba lilikosa sahihi moja.

Katika miezi hiyo 31 ndipo niliposoma Sheria ya Pensheni, Sura ya 189 ya sheria za Kenya. Nilisoma kwenye simu, usiku, kwa sababu bando za usiku ni rahisi. Nilipofika kifungu cha 5 nikaketi. Kifungu hicho kinasema hakuna afisa atakayekuwa na haki kamili ya kulipwa fidia kwa utumishi wake uliopita, wala haki kamili ya pensheni, kiinua mgongo au posho yoyote nyingine. Soma tena. Umetumikia miaka 20, na sheria inayobeba jina la pensheni inakuambia kwamba pensheni si haki yako kamili.

Hiyo si lugha ya jamhuri. Ni lugha ya bwana na boi wake, na sheria hii mizizi yake ni enzi za Mkoloni, wakati ofisa alikuwa mtumishi wa Mfalme na Mfalme hadaiwi. Bendera ilibadilika 1963. Katiba ilibadilika 2010, na Ibara ya 43 ikasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba serikali itawasaidia wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Lakini kifungu cha 5 kimekaa pale pale na miguu yake yote miwili.

Sheria hiyo inaendelea. Ukitaka kustaafu kwa ugonjwa au ulemavu, panatakiwa ushahidi wa daktari wa kumridhisha Waziri kwamba mwili au akili yako haiwezi tena kazi, na kwamba hali hiyo huenda ikawa ya kudumu. Kumridhisha Waziri! Baba hajawahi hata kumwona Waziri, ila barabarani, akisukumwa kando ili msafara upite.

Utaniambia hayo ni maneno tu ya sheria, mahakama siku hizi zinafuata Katiba. Sawa, lakini maneno ya sheria hushuka mpaka dirishani. Karani anayeamini kwamba unapewa atakuongelesha tofauti na karani anayejua kwamba unadai. Na baba anayeamini kwamba anapewa atasimama tofauti mbele ya dirisha. Sikiliza wazee wetu wanavyoongea pesa zikiingia: "Serikali imenikumbuka." Mimi husikia hilo neno nikaumwa. Hatusemi mpangaji amemkumbuka mwenye nyumba. Tunasema amelipa kodi.

Na hili deni linahesabika mpaka senti. Fomula si siri. Unachukua mshahara wa msingi wa mwaka, unazidisha kwa miezi ya utumishi, unagawanya kwa 480. Tutumie 30,000 tena: kwa mwaka ni 360,000. Miaka 20 ni miezi 240, na 240 kwa 480 ni nusu. Pensheni ya mwaka ni 180,000. Ukichagua kuchukua robo yake kama kiinua mgongo, robo hiyo, yaani 45,000, inazidishwa mara 20, unapata 900,000 kwa mkupuo mmoja. Inayobaki ni 135,000 kwa mwaka, sawa na 11,250 kwa mwezi mpaka kufa. Hesabu ya darasa la saba. Inaweza kufanywa siku ile ile mtu anaporudisha funguo za gari. Kwa hiyo anayekwambia ucheleweshaji unatokana na ugumu wa hesabu anakudharau.

Tena angalia pesa zenyewe hutoka wapi. Pensheni za mpango wa zamani hutozwa moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu wa serikali, katika fungu lile lile linalolipa madeni ya umma. Yaani kisheria baba yangu amekaa benchi moja na wale waliotukopesha mabilioni kutoka ng'ambo. Je, umewahi kusikia mkopeshaji wa ng'ambo akiambiwa faili lake limepotea? Ati arudi Alhamisi? Ati alete kopi tatu za kitambulisho na barua ya chifu? Siku yao ikifika wanalipwa, hata kama madaktari wamegoma na watoto hawana vitabu. Deni la nje lina tarehe. Deni la dereva lina "tutakupigia."

Walimu wanalijua hili kuliko mtu yeyote. 1997 waligoma wakaahidiwa nyongeza kubwa ya mshahara, ikalipwa vipande vipande kwa miaka. Waliostaafu katikati walipigiwa pensheni kwa mshahara wa zamani. Wakaenda Mahakama Kuu ya Nakuru, na 2008 wakashinda. Unadhani hapo hadithi iliisha? Baada ya ushindi walizungushwa kwa miaka mingine, na wengi walikufa wakiwa na hukumu mkononi na mfuko mtupu. Hukumu waliyoshinda ikawa ya kurithisha watoto, kama shamba lenye kesi.

Waliojiunga na utumishi siku hizi wana afadhali kidogo. Tangu 1 Januari 2021 kuna mpango mpya: mfanyakazi anachangia asilimia 7.5 ya mshahara, serikali asilimia 15, na juu yake panatakiwa bima ya maisha yenye fidia ya ulemavu, isiyopungua mara 5 ya mshahara wa mwaka. Kama wewe ni mwalimu au polisi kijana, ulijua una bima hiyo? Umewahi kuuliza jina lako limeandikwa vipi, na nani amewekwa kama mrithi? Basi wewe pia una droo yako.

Turudi kwenye mguu, maana ulemavu wenyewe ni safari nyingine.

Bodi ya madaktari ilimpima baba kwa ajili ya kustaafu. Ikaandika kwamba hana mguu. Baadaye akahitaji kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kadi hiyo ina maana: bila kuandikishwa huwezi hata kuomba msamaha wa kodi, ule unaosamehe mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Lakini karatasi ya bodi haikutosha. Hospitali iliyoidhinishwa, fomu nyingine, kamati nyingine, sahihi nyingine, muhuri mwingine. Wakaandika kwamba hana mguu. Kama tungewahi dai la WIBA, daktari wa tatu angeandika kwamba hana mguu. Madaktari watatu wa serikali moja, katika nchi moja, wanaangalia mahali pamoja ambapo mguu haupo, na hakuna anayemwamini mwenzake.

Na hiyo ni kwa mtu mwenye kazi na barua. Kwa asiye na kazi kuna Inua Jamii. Kwa upande wa ulemavu mpango huo ni wa wenye ulemavu mkubwa, wale wanaohitaji kuangaliwa muda wote. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Chini ya 67 kwa siku. Kule kwetu kuna mama mwenye mtoto wa miaka 11 mwenye mtindio wa ubongo. Mtoto halishwi na mtu mwingine, habebwi na mtu mwingine. Kwa sababu anahitaji kuangaliwa mchana na usiku, mama hawezi kwenda kuchuma chai wala kupalilia kwa watu. Sheria imelipima hitaji la mtoto: muda wote. Haijaupima muda wa mama. Kwa kumlea mtoto ambaye bila yeye serikali ingelazimika kumlea, analipwa, kwa hesabu za saa, chini ya shilingi 3. Na hiyo ni mwezi zikija.

Najua pingamizi, nimezisikia kwenye matatu na kwenye comments. Ya kwanza ni kwamba kuna matapeli: watu wanaojifanya viwete, wafu wanaolipwa pensheni, ndiyo maana lazima pawe na ukaguzi. Kweli, matapeli wapo. Lakini jiulize jina la marehemu huingiaje kwenye orodha ya malipo na kubaki humo. Haliingizwi na mzee wa magongo aliye nje ya dirisha. Linaingizwa na mtu aliye ndani, mwenye kompyuta na neno la siri. Sisi tumeweka kufuli upande wa nje, mwizi yuko sebuleni.

Ya pili ni kwamba serikali haina pesa. Hii sitajibu kwa hasira, nitajibu kwa jirani. Zanzibar si tajiri kuliko sisi. Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, kutoka mfuko wa serikali yenyewe, bila kumtaka athibitishe kwamba ni maskini wa kutosha. Kiasi ni kidogo, sibishani. Lakini msingi wake ni safi: umefika umri, wewe ni wetu, chukua. Kenya nayo 2018 ilifungulia wenye miaka 70 mlango wa namna hiyo chini ya Inua Jamii, kwa hiyo hatuwezi kusema hatujui unavyofunguliwa. Tunachagua ni nani tumfungulie na ni nani tumwache akibisha.

Nilisema nitakuja kwetu. Nimefika.

Juni 2024 kizazi chetu kilifanya jambo ambalo wakubwa hawakulitarajia. Tulichukua Mswada wa Fedha, kitabu cha vifungu vya Kiingereza kigumu, tukaufungua mbele ya kamera za simu. Kuna walioueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa Kikuyu, kwa Kimeru, kwa lugha za nyumbani. Mwenye nyanya asiyejua kusoma alimweleza kodi ya mkate ni nini. Tulitoka barabarani, wengine wetu hawakurudi, na 26 Juni Rais akasema hatatia sahihi. Kwa hiyo usiniambie sheria ni ngumu kwetu. Tulishaonyesha kwamba tukitaka, tunasoma.

Mbona basi hatusomi iliyo ndani ya droo? Najua kwa nini, kwa sababu mimi ni mmoja wetu. Mswada wa Fedha ulikuwa vita, na vita vina picha. Fomu ya baba haina picha. Hakuna anayekushangilia ukipiga foleni Huduma Centre ya Embu na baba yako saa mbili asubuhi. Pensheni inanuka uzee, ulemavu unanuka bahati mbaya, na sisi tuko mbioni kuwa watu wasio na hivyo viwili. Nilipata A kwa kuandika kuhusu hifadhi ya jamii, na muhula huo huo nikaiweka hifadhi ya jamii ya baba yangu kwenye droo ya runinga. Nilimnyima baba yangu dakika 20. Mwajiri wake alikosea, sheria ilikosea, lakini dakika zile 20 zilikuwa zangu.

Sijawahi kumwambia. Au tuseme, nilimwambia mara moja, 2021, tukimenya macadamia. Akaendelea kugonga nati na jiwe. Halafu akasema, "Mami, wewe ulikuwa mtoto." Nilikuwa na miaka 20.

Mwaka huo ndipo nilipoanza kulipa. Niligundua kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotoka kwenye Ibara ya 35 ya Katiba. Inampa kila raia haki ya kuuliza ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Na Ibara ya 47 inasema uamuzi wa kiutawala uwe wa haraka, wa haki, na kama umekuumiza upewe sababu kwa maandishi. Septemba nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Sikuomba pesa, wala sikulia. Niliuliza maswali matatu: Faili la huyu mtu liko wapi? Linasubiri nini? Ni afisa gani analishughulikia? Nikataja sheria, nikataja siku 21, nikasema nakala itaenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Nikapata muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yangu. Huo muhuri ndio mchezo wote.

Siku ya 17 simu ikalia. Faili lililokuwa "limeshaenda Nairobi" kwa miaka miwili lilikuwa kwenye kabati, jengo lile lile, ghorofa ile ile, halijawahi kwenda popote. Lilikosa sahihi moja. Likasainiwa, likaenda, na Januari pesa zikaingia.

Wengine watasema hii ni hadithi ya ushindi. Mimi naona aibu ndani yake. Kama barua ya mtu aliyeacha chuo inaweza kufanya kwa siku 17 kile ambacho adabu ya mzee haikufanya kwa miaka miwili, basi adabu ya wazee wetu ndiyo inayotumika kama akiba ya serikali. Kila mzee anayenyamaza ni pesa zilizobaki.

Ninachodai kwa serikali ni kifupi. Futeni maneno ya kifungu cha 5. Pensheni iliyotumikiwa iitwe haki, bila kivumishi. Mtu akishapimwa ulemavu mara moja na daktari wa umma, karatasi hiyo itoshe kwa pensheni, kwa fidia, kwa kadi na kwa kodi. Mei 2025 nchi ilipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Sheria mpya yenye foleni za zamani ni rangi tu. Mwajiri asiporipoti ajali ndani ya siku 7, saa ya miezi 12 isianze kumhesabia mfanyakazi. Na hizo fomu ziandikwe kwa Kiswahili pia. Ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi iwe rasmi pale mtu anapodai mguu wake.

Kwako msomaji nadai kidogo zaidi, na ndiyo maana sitakubali kisingizio. Ukienda nyumbani, muulize mzee, au shosho, au tata yako aliyefanya kazi ya kaunti: "Iko wapi ile bahasha?" Ipo. Kila nyumba ina moja. Isome yote. Tafuta tarehe.

Siku hizi Jumapili baada ya kanisa watu huja kwetu na bahasha zao. Baba ndiye huwakaribisha, halafu huniita nisome. Jumapili iliyopita alikuja kijana wa jirani, mkono umefungwa kitambaa cheusi. Alikatwa vidole vitatu na mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe, akiwa kazini kwa watu upande wa Meru. Wamemwambia asubiri, watamwita. Nikamuuliza tarehe ya ajali. Nikahesabu, nikahesabu tena: miezi 11 na siku 9.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya kabati la runinga. Hakusema kitu. Alijivuta, akafungua droo, akatoa kalamu.

Tulijaza usiku huo kwa taa ya simu, stima zilikuwa zimepotea. Asubuhi tukapanda matatu ya kwanza.